Lori lachemsha: klachi mpya ya feni au feni ya umeme?

MwanaJomvu
Salaam wanabaraza. Lori langu lachemsha. Fundi amelitazama, asema klachi ya feni, ile inayoishikisha feni na injini joto likipanda, imechoka, haishiki tena. Kanipa njia mbili: ninunue klachi mpya, au ning'oe feni yote ya mkanda niweke ya umeme. Ya umeme nimeshaipata, ya mtumba kutoka gari dogo, mota mbili ndani ya kava moja, elfu nane. Klachi mpya naambiwa elfu kumi na tisa. Fundi apenda ya umeme, asema injini itakuwa nyepesi na dizeli itapungua. Aliyejaribu anijuze kabla ya Jumamosi, mteja hachoki kupiga simu.

FundiKisauni
Lori gani? Injini gani? Wapakia nini, wenda wapi? Lachemsha kwenye foleni au likipanda mlima? Yakhe, wataka dawa na hujasema pauma wapi.

DadaSpea
Na betri ngapi? Mie ningeanzia hapo.

MwanaJomvu
Samahanini. Canter ya zamani, injini 4D32. Simiti na mabati, mjini hadi Mariakani, mara mojamoja Kaloleni. Foleni ya Changamwe halina neno. Shida ni likianza kupanda Mazeras na mzigo. Betri ni mbili. Kwani betri zaingiaje kwenye habari za feni?

DadaSpea
Zaingia kwa mlango wa mbele, kakangu. Canter nyingi za namna hiyo zenye betri mbili ni volti 24. Feni ya gari dogo ni volti 12. Ukiifunga hivyo itavuma kama ndege, halafu utasikia harufu. Mie niko dukani, nimeletewa mota kama hizo zimekuwa nyeusi ndani na mtu ataka arudishiwe pesa zake.

FundiKisauni
Ila betri mbili zaweza kufungwa sambamba zikabaki volti 12. Asome kibati cha altaneta au atazame balbu yoyote ya taa, imeandikwa.

MwanaJomvu
Nimetoa balbu ya nyuma sasa hivi. 24V.

YakheLikoni
Hamna tatizo hapo. Vuta waya kwenye betri moja tu, utapata 12 zako. Mimi redio nimeifunga hivyo miaka.

FundiKisauni
Redio hunywa kijiko, feni hunywa ndoo. Betri moja itanyonywa kila siku, na altaneta haijui kwamba hazilingani, yasukuma chaji kwa zote mbili kama moja. Ile ya pili itajazwa kupita kiasi mpaka maji yake yachemke. Utanunua betri jozi kwa ajili ya feni ya elfu nane.

YakheLikoni
Basi si mota ni mbili? Zifunge moja baada ya nyingine. 12 na 12 ni 24, hesabu ya watoto.

FundiKisauni
Kwenye karatasi, sawa. Moja ikikata waya, zote mbili zalala. Na ikikwama bila kukata, mwenzake abeba volti zilizobaki. Hayo yatatokea wapi? Mazeras, usiku, na tani za simiti mgongoni.

DereMstaafu
Nisikizeni, nyinyi vijana, maana hili mimi nimelilipia. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, volti 12, kwa hiyo hata hayo ya betri hayakunihusu. Fundi mmoja, jina nalimeza, akanitolea feni ya mkanda akaweka ya umeme. Aliishikiza kwa zile pini za plastiki zinazopenya katikati ya rejeta. Umeme akauchukua kwenye waya wa taa kubwa, hakuna rilei, ile swichi ya kubeba umeme mkubwa, fyuzi kaipata kwenye kopo lake. Mjini raha tupu! Injini haivumi, naisikia redio mpaka pumzi za mtangazaji. Nikamsifu fundi kwa kila mtu.

Mwezi wa pili, kaskazi imekaza, nikapakia magunia ya nazi kwenda Voi. Nimeshapita Mariakani, usiku, kila feni ikiwaka taa zangu zageuka rangi ya chai. Nikasema betri hiyo. Mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka wenyewe mpaka chini. Nikamwambia tanboi, waona, feni yafanya kazi. Kumbe zile pini zilikuwa zimesugua rejeta mpaka ikatoboka, maji yote yamebaki barabarani, na kile kihisi cha joto kikikosa maji hakina cha kupima. Mshale ukanidanganya hivyo. Nilijua mambo yameharibika injini ilipoanza kugonga, ikazima, ikakataa kuzunguka.

Kufungua boneti kwa tochi ya simu: plagi ya feni imeyeyuka, imejikunja kama karatasi ya sigara, na ndani ya kiungo cha waya shaba imekuwa kijani kwa chumvi ya bahari. Hedi ilipinda, ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine, gasketi mpya, siku nne nje. Nazi niliziuza palepale kando ya barabara kwa bei ya aibu. Tanboi alikula nazi siku mbili. Mpaka leo ukimpikia wali wa nazi, aondoka mezani.

MhandisiKilindini
Pole mzee wangu, lakini feni yako haikuwa na kosa. Kosa ni pini, waya wa taa na rilei iliyokosekana. Feni ya umeme ikipewa waya wake mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei, na swichi ya joto ndani ya maji ya rejeta, hudumu. Magari madogo mangapi yanazo hapa mjini?

Hata hivyo kwa Canter hii nasema asiweke, na sababu ni hesabu. Mota inayokula ampea 25 kwa volti 12 ni wati 300. Hata mbili pamoja hazifiki nguvu-farasi moja, ambayo ni wati 746. Feni ya mkanda ya lori, klachi ikishika na injini ikizunguka kwa kasi, hula nguvu-farasi kadhaa, na ndiyo maana huvuta upepo kama tufani. Ukipanda kwa gia ya pili na simiti, upepo wa mwendo hakuna na moto ndio mwingi. Pale feni ndogo yashindwa. Na dizeli utakayookoa ni kidogo, maana klachi nzima huteleza maji yakiwa baridi, haili nguvu bure.

Kabla hujatoa shilingi: pandisha joto, zima injini, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka bila ubishi kama pia ya mtoto, klachi imekufa. Tazama pia kama imetoa mafuta mazito yenye vumbi kwa mbele.

KijanaMtwapa
Mwajisumbua. Toa thamostati, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, maji yapite bure. Mimi nilitoa na halijachemsha tena.

FundiKisauni
Haya, tumeanza. Na injini yako haipati joto lake, dizeli haiungui vizuri, moshi mpaka Shanzu.

KijanaMtwapa
Moshi hausimamishi lori. Kuchemsha ndiko kwasimamisha.

DereMstaafu
Sisi tulizitoa zote tangu zamani na magari yakafika Kampala.

FundiKisauni
Yalifika, mzee wangu, sikatai. Yalifika na injini ngapi?

DadaSpea
MwanaJomvu, nikuulize kitu kingine. Rejeta waweka maji gani?

MwanaJomvu
Ya kisima cha nyumbani.

DadaSpea
Lahaula! Kisima cha Jomvu? Yale ukioga sabuni haitoi povu? Fungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, utazame mdomoni.

MwanaJomvu
Nimefungua. Kuna ukoko mweupe, kama ndani ya birika la mkahawani. Nikikwangua kwa bisibisi watoka vipande.

MhandisiKilindini
Na feni umeizungusha?

MwanaJomvu
Yashika kidogo. Yazunguka kama raundi moja na nusu hivi, yasimama. Fundi asema hiyo ndiyo imekufa.

FundiKisauni
Kwangu mimi hiyo bado i hai. Mwambie aishushe rejeta kwanza aichokoe, ukoko huo ndio wazuia maji kupoa.

YakheLikoni
Fundi mwenyewe ndiye auza ile feni?

MwanaJomvu
Ni ya shemeji yake.

DereMstaafu
😂😂

YakheLikoni
Mimi langu lachemsha kwenye foleni ya feri tu. Siku hizi nazunguka Dongo Kundu, halijachemsha hata siku moja. Barabara ndiyo feni.

KijanaMtwapa
MwanaJomvu, hiyo feni ushailipia? Nina Probox, volti 12, feni yake imekufa juzi.

MwanaJomvu
Nimetoa nusu.

KijanaMtwapa
Nusu iliyobaki natoa mimi, na yako nakurudishia. Iko wapi?