Hill House ya Mackintosh: irudishiwe lipu ya saruji au ipigwe chokaa?

Ramani_Juu: Wakuu, Hill House, nyumba aliyoisanifu Charles Rennie Mackintosh pale Helensburgh, Uskoti (1902 hadi 1904, mwenye nyumba mchapishaji Walter Blackie), imelowa mpaka ndani ya kuta. Tangu 2019 National Trust for Scotland, shirika linalotunza majengo ya kale huko, wameifunika kwa banda kubwa la chuma: juu paa, ubavuni wavu wa pete za chuma. Upepo unapita, mvua nyingi inabaki nje, kuta zinakauka taratibu. Sasa siku banda likiondolewa, lipu iwe ipi? Ya saruji ya Portland kama alivyoagiza Mackintosh mwenyewe, au ya chokaa kama nyumba za kale za Uskoti? Mimi nasema saruji. Ukibadili ngozi, umebadili nyumba.

Fundi_Mwiko: Hiyo ngozi ndiyo iliyoiua nyumba. Jamaa alikuwa mchora viti, akajifanya msanifu, akafa masikini huko Ufaransa. Saruji juu ya mawe ya mchanga na tofali! Hata vibarua wenu wa Mji Mkongwe wanaoziba kuta za mawe ya matumbawe kwa saruji wana udhuru kuliko yeye.

Sleti: Mchora viti? Kaingia kampuni ya wasanifu majengo ya Honeyman & Keppie 1889. Jengo la chuo cha sanaa, Glasgow School of Art, ni mkono wake: upande wa mashariki 1897 hadi 1899, magharibi 1907 hadi 1909. Na Ufaransa aliishi tu, Port-Vendres, akichora rangi za maji. Amefia London, 10 Desemba 1928. Tusiandike kwa kusikia.

Na hiyo lipu ya kijivu ya kurushwa, Blackie mwenyewe ndiye aliyesema anaitaka, pamoja na paa la sleti. Kosa la Mackintosh liko juu zaidi. Tazama picha ya kuta zinapoishia: hazina kofia ya jiwe inayochomoza, upenu hakuna. Alitaka ukuta ukatike safi kama karatasi. Sasa maji ya juu yanashuka usoni mwa ukuta mwanzo mwisho, hakuna pa kudondokea nje.

Forodhani: "Vibarua wenu"? Fundi_Mwiko, shika adabu. Anayeleta mifuko ya saruji Mji Mkongwe ni mwenye nyumba anayetaka kazi iishe kabla ya wageni wa Julai. Fundi wa chokaa anajua kabisa. Haulizwi.

Fundi_Mwiko: Anajua lakini anapiga. Haya nieleze: fundi wa chokaa gani anachanganya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, halafu anaiita "chokaa"?

Forodhani: Huo ni mchanganyiko wa vitabu vya Wazungu hao hao!

Ramani_Juu: Wakuu, Helensburgh...

Fundi_Mwiko: Tunakuja. Saruji ni ngumu, haina mnyumbuko. Ukuta ukipata jua na baridi unajinyoosha na kujikunja, lipu inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji hayahitaji mlango, ufa wa unywele unayafyonza. Yakishaingia, njia ya kutoka ni kuwa mvuke, na saruji haipitishi mvuke vya kutosha. Miaka inapita, tofali linashiba, kisha baridi inagandisha maji, yanavimba, lipu inaachia. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia mlio mtupu, kama papai bovu. Wakaziba tena kwa saruji. Ndiyo kumfunga mgonjwa nailoni.

Sleti: Sawa, lakini usiiuze chokaa kama dawa ya Mwarobaini. Chokaa ya kawaida inakaza kwa kuvuta hewa ukaa, takriban milimita moja kwa mwezi. Ukiirusha Oktoba pale Helensburgh, barafu inaikuta bado mbichi, Machi unaizoa chini. Kule ni chokaa inayokaza hata penye unyevu, ile daraja la 3.5, chokaa moja kwa mchanga mbili na nusu hadi tatu, irushwe baridi ikishaisha, na joto lisiwe chini ya nyuzi 5. Na bila kofia za ukuta, hata hiyo italowa.

Ramani_Juu: Kofia za ukuta?! Sasa mnamchorea Mackintosh nyumba upya.

Sleti: Bati jembamba la madini ya risasi linalochomoza sentimita chache. Kutoka barabarani hulioni.

Ramani_Juu: Mimi nitaliona.

Forodhani: Fundi_Mwiko hajanijibu. Kazi ya chokaa ya pwani ni hivi: saruji ya zamani inabanduliwa kwa patasi ya mkono, si mashine, maana mashine inang'oa na uso wa tumbawe. Ukuta unaachwa wazi ukauke. Chokaa imelowekwa shimoni miezi, si wiki. Moja kwa mchanga tatu, kila koti lisizidi sentimita moja, unafunika kwa magunia yaliyoloweshwa lisikaushwe na jua. Mchanga wa pwani ya bahari marufuku: chumvi inavuta unyevu na kuchanua nje kama unga. Saruji iko wapi hapo?

Fundi_Mwiko: Hapo haipo, nakubali. Ila wangapi wanafuata? Wengi wanatia koleo moja "ikamate haraka". Na hiyo koleo moja ni mbaya kuliko mfuko mzima: haitoshi kushika, inatosha kuharibu chokaa.

Forodhani: Wangapi ni suala la fedha. Umetukana mafundi.

Sleti: Ramani_Juu, jibu moja tu. Mackintosh angepewa lipu isiyovuja, yenye rangi na ukwaruzo uleule, angeikataa?

Ramani_Juu: Margaret, mkewe, ndiye angeamua. Mackintosh mwenyewe alimwandikia kwamba nusu ya kazi zake za usanifu, kama si robo tatu, ni Margaret.

Fundi_Mwiko: Basi na saruji tumpe nusu ya lawama.

Forodhani: Mimi bado nasubiri radhi ya "vibarua wenu".