Kuunganisha GC na LC-MS kwa uayonishaji laini: swali kutoka maabara ya korosho, Mtwara

Mkemia wa Shangani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika maabara ndogo hapa Mtwara inayopima masalia ya viuatilifu kwenye korosho pamoja na mafuta ya maganda yake. Tunayo LC-MS (kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na kipima masi za molekuli) ya kwadrupoli tatu, yaani inayochagua ayoni, kuivunja, kisha kupima vipande vyake, nayo inafanya kazi vizuri. Pembeni yake ipo GC (kromatografia ya gesi) ya zamani yenye kigunduzi cha ECD, yaani cha kunasa elektroni. Shida ni kwamba kigunduzi hicho hutuambia kitu kimetoka kwenye kolamu (mrija wa kutenganishia) dakika fulani, lakini hakituambii ni kitu gani. Tena msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga ukifika, salfa yenyewe huingia kwenye sampuli na kufunika vilele (alama za kemikali kwenye chati) tunavyovitafuta.

Fedha za kununua GC-MS kamili hazipo. Nimesikia kwamba mkondo wa GC unaweza kuingizwa moja kwa moja kwenye chanzo cha ayoni cha LC-MS (sehemu inayozipa molekuli chaji ya umeme), na kwamba uayonishaji wake ni laini, hauvunjivunji molekuli. Je, jambo hili limezoeleka au bado ni majaribio ya vyuo vikuu? Linahitaji vifaa gani? Na je, litatufaa pia kwa asidi ya anakadi ya maganda, ambayo wanunuzi wa mafuta wanaiulizia sana?

Fundi wa Ombwe

Ndugu Mkemia, jambo hili si geni. Kundi la mtafiti Horning kule Houston, Marekani, lilikuwa likiayonisha molekuli katika shinikizo la angahewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2005 McEwen na McKay wa kampuni ya DuPont walieleza chanzo kimoja kinachopokea LC na GC kwa zamu. Leo vifaa vyake vinauzwa: Waters wanakiita APGC, na kampuni ya Kijerumani ya Plasmion inauza SICRIT, inayotumia plazma (gesi yenye chaji) badala ya sindano ya korona, yaani ncha kali yenye umeme. Anza kwa kumuuliza mtengenezaji wa LC-MS yako, kwa sababu umbo la mlango wa chanzo hutofautiana kati ya mashine na mashine.

Kuhusu ulaini, chukua mfano wa kiuatilifu cha klopirifosi. Katika GC-MS ya kawaida molekuli hupigwa na elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70 (eV 70) ndani ya ombwe, nishati ambayo ni kubwa mno kuliko inayohitajika kukata viungo vyake. Matokeo yake ni vipande vyenye masi ya 97, 197 na 314, huku molekuli nzima ikiwa haionekani au ikionekana kwa shida. Katika chanzo cha APCI (uayonishaji wa kikemia katika shinikizo la angahewa), umeme wa sindano haumpigi mlengwa mwenyewe. Huanza kuchaji naitrojeni, naitrojeni huipitisha chaji hiyo kwa mvuke wa maji, na hatimaye molekuli hupewa protoni kwa utulivu na kuonekana ikiwa nzima kwenye 350. Kwa mwenye kwadrupoli tatu hiyo ni faida kubwa, kwani unachagua 350 kwanza, kisha unaivunja wewe mwenyewe kwa nguvu unayoitaka. Salfa, ambayo molekuli yake ya atomu nane ina masi ya 256, haitaingia katika mkondo huo unaoufuatilia. Hata hivyo iondoeni kwa unga wa shaba kama kawaida, kwa sababu bado itachafua kolamu na chanzo.

Kifaa kikuu ni bomba la kupitishia linalopashwa joto hadi ncha ya kolamu, karibu kabisa na sindano. Likipoa hata sehemu fupi tu, viuatilifu vizito kama deltamethrini vitaganda humo na vilele vitavuta mkia. Mtahitaji pia naitrojeni ya nyongeza, ambayo jenereta ya LC-MS inaweza kuwa tayari inaitoa, na waya wa kuanzisha mashine zote mbili kwa wakati mmoja. Jambo moja litakalowafurahisha: kwa kuwa ECD nayo hufanya kazi katika shinikizo la angahewa, mkibaki na kolamu ileile na mtiririko uleule, muda wa kutoka kwa kila kiuatilifu hautahama sana.

Gharama iliyojificha ni maktaba. Mkusanyiko mkubwa wa spektra (chati za vipande) za eV 70, ule wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwa mfano, hautawasaidia hapa. Kila mnachokitafuta kitahitaji kiwango chake halisi (kemikali safi) cha kulinganishia, na viwango hivyo si bei rahisi.

Mama Maganda

Naungana na Fundi kuhusu viuatilifu, ila kwa asidi ya anakadi, mwanangu, usiende njia hiyo. Ulaini unaozungumziwa huanza baada ya kolamu. Kabla ya hapo sampuli imekwisha kupita kwenye mlango wa kuingizia sampuli wenye joto la nyuzi 250 au zaidi, na asidi ya anakadi ikipata joto hilo hupoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Molekuli ya 346 huwa 302, na chanzo chako laini kitaionyesha kwa uaminifu mkubwa kwenye 303, ilhali ganda lilikuwa na kitu kingine.

Hilo si jambo dogo, maana mnunuzi anayeulizia asidi ya anakadi mara nyingi anataka kujua kama mafuta yametolewa bila moto au maganda yamechomwa, na GC ingelichoma ganda ambalo halijachomwa. Tumia LC-MS yako kama ilivyo, kwa uayonishaji wa mnyunyizo wa umeme katika hali hasi: utaziona 345, 343 na 341 kwa minyororo yenye kiungo pacha kimoja, viwili na vitatu. Akikulazimisha mtu kutumia GC, basi zifunike kwanza kwa kikali cha silili ili zisiharibiwe na joto, ingawa mimi sioni sababu ya kujisumbua hivyo.

Mkemia wa Shangani

Nashukuru sana, Mama, nawe Fundi. Asidi ya anakadi itabaki kwenye LC. Nina wasiwasi mmoja tu: chumba chetu kipo karibu na bahari na unyevu hauishi. Je, utaathiri chanzo? Na heliamu tunaiagiza kutoka Dar es Salaam.

Msafishaji wa Vyanzo, Lindi

Utaathiri, kaka, na afadhali uutawale kuliko kuuacha ujiamulie. Maji yakiwepo, molekuli hupata protoni. Naitrojeni ikiwa kavu kabisa, molekuli hupoteza elektroni moja na kubaki na masi yake kamili. Klopirifosi inapenda njia ya kwanza. Heksaklorobenzini na dioksini, ambazo hazina mahali pazuri pa kushikia protoni, zinahitaji ya pili. Kwa hiyo zitenge siku. Siku ya protoni, weka ndani ya chanzo kichupa chenye maji na kifuniko kilichotobolewa, ili unyevu uwe uleule asubuhi na jioni. Siku ya ukavu, funga chanzo, acha naitrojeni ipite kwa muda mrefu kabla ya sampuli ya kwanza, na usikifungue katikati ya kazi.

Ukitaka kujua hali ilivyo, tazama vilele vya 371 na 445, ambavyo ni siloksani (kemikali za silikoni) za hewani zilizopata protoni. Vikiwa virefu siku uliyoikusudia kuwa kavu, kuna mahali panavuja.

Heliamu isikutishe, kwani kolamu yenyewe hunywa mililita moja au mbili kwa dakika. Kinachomaliza mtungi ni mtiririko wa kugawanya, unaotupa nje sehemu ya gesi pale kwenye mlango wa kuingizia sampuli, na GC nyingi zinaweza kuupunguza baada ya sampuli kuingia. Ile heliamu ya Rukwa ambayo ugunduzi wake ulitangazwa mwaka 2016 tuendelee kuisubiri. Haidrojeni, ambayo huweza kutumika badala ya heliamu, isiingie kwanza, hadi bomba la moshi la chanzo litoke nje ya jengo. Na yeyote atakayekuja kufunga bomba la kupitishia asikubaliwe kuikwepa swichi ya usalama ya mlango wa chanzo, kwa sababu sindano ile hubeba maelfu ya volti.