Ukungu wa kijani ukutani na njiani

Swali: Ukuta wa nje na vitofali vya njia vimeota ukungu wa kijani, na njia inateleza. Nausafishaje bila kuua maua?

Jibu: Anzia juu. Zoa majani kwenye mifereji ya paa, la sivyo uchafu utashuka tena ukutani. Lowesha maua vizuri, kisha changanya dawa ya klorini kipimo 1 kwa maji vipimo 10. Paka, acha dakika 10 pasipokauka, sugua kwa brashi ya nailoni (ya waya huacha kutu), suuza. Usichanganye kamwe na siki wala amonia, hewa yake ni sumu!

Jibu: Mashine ya presha ishikilie sentimita 30 mbali. Ukisogea karibu zaidi inachimba mchanga katikati ya vitofali, navyo vinaanza kucheza.

Jibu: Pogoeni pia matawi yanayogusa ukuta. Kivuli na unyevu ndivyo vinavyourudisha.