Naomba ushauri: mbunge wa vipindi vinne, nimpe tena?

Habari zenu ndugu. Mimi ni bodaboda hapa Arua, Uganda, na kadi ya NRM, chama tawala, ninayo. Alhamisi 17 Julai 2025 tunapiga kura za mchujo, za kuchagua mgombea ubunge wa chama. Mbunge wetu aliingia 2006, ndio kipindi cha nne hiki. Barabara ya kwetu aliahidi tangu kampeni ya kwanza. Juzi mvua imenyesha, nikasukuma pikipiki na abiria (mama mjamzito) akitembea pembeni, viatu mkononi.

Lakini mzee huyu huyu alimlipia mdogo wangu ada ya Senior 5 (kidato cha tano), na mama hataki kusikia neno baya juu yake. Mpinzani ni kijana wa Kampala, mdomo mwingi. Sijui hata nyumba yake iko wapi.

Shida kubwa ni mlolongo. Hakuna karatasi ya siri, unasimama nyuma ya mwenye picha ya mgombea, mchana kweupe. Mwenyekiti wa steji yetu ni wakala wa mzee, na ataniona.

Halafu hata mzee akishindwa si anaweza kurudi kwenye uchaguzi mkuu wa Januari 2026 kama mgombea binafsi?

Nisimame wapi? Au nibaki nyumbani tu? Waliowahi kumwangusha mkongwe, ilikuwaje baadaye?