Kuzalisha ningu mabwawani na kuwarudisha mto Kagera: je, jeni zao zitabaki salama?

Mwalo_Kasensero:
Habari zenu, ndugu zangu. Chama chetu cha wavuvi, upande huu wa Kasensero, Uganda, kinakusudia kuchimba mabwawa karibu na mto Kagera ili tuzalishe ningu, samaki wa ziwa apandaye mtoni kutaga, na kurudisha vifaranga mtoni. Wazee wetu wanakumbuka ningu wakipanda mto kwa makundi kila mvua zilipofurisha kingo, na wanakumbuka pia jinsi nyavu zilivyotegwa mlangoni mwa mto zikawanasa majike wenye mayai kabla hawajataga, hadi samaki huyu, ambaye haishi popote duniani nje ya bonde la Ziwa Viktoria, akahesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tunaweza kupata majike arobaini hivi, lakini madume ni wanne tu. Mwenzetu mmoja anashauri tuongeze samaki kutoka mto Sio, kule Busia, ili tusizalishe ndugu kwa ndugu. Naomba kuelezwa na wenye ujuzi: uzalishaji wa namna hii unafanya nini katika urithi wa samaki, na je, vifaranga wetu wanaweza kuwadhuru wale wachache waliosalia mtoni?

Nalongo_wa_Vifaranga:
Ndugu wa Kasensero, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuchimba. Nimefanya kazi ya kuzalisha vifaranga kwa muda mrefu, na jambo ambalo wengi wetu hulisahau ni kwamba wingi wa samaki bwawani hauonyeshi upana wa urithi wao. Kinachohesabika ni idadi ambayo wataalamu huiita idadi tendaji, yaani idadi ya wazazi kana kwamba wote wangechangia urithi kwa usawa, nayo hupatikana kwa kuzidisha madume kwa majike, kisha mara nne, na kugawanya kwa jumla yao. Madume wanne na majike arobaini hutoa kama 14.5 tu, ingawa umeshika samaki 44. Ungekuwa na madume ishirini na majike ishirini, ungepata 40 kamili. Kasi ya kuzaana kwa ndugu katika kila kizazi ni moja gawanya kwa mara mbili ya idadi hiyo, kwa hiyo mpango wako wa sasa ungepoteza karibu asilimia 3.4 ya utofauti wa jeni kwa kizazi kimoja, wakati ule wa ishirini kwa ishirini ungepoteza asilimia 1.25.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana katika hesabu hiyo. Aleli adimu, yaani sura moja ya jeni isiyopatikana kwa wengi, tuseme iliyo katika asilimia moja ya nakala zote za jeni fulani mtoni, ina uwezekano wa takriban theluthi mbili wa kukosekana kabisa ukichukua samaki ishirini tu. Aleli ya namna hiyo huenda leo haina kazi yoyote, lakini kesho ikaja kuwa ndiyo inayomkinga samaki dhidi ya ugonjwa mpya.

Ningu ana faida moja ambayo ngege, yule perege wa asili wa ziwa letu, hana. Ngege huchaguana wenyewe, na dume mwenye nguvu hurutubisha mayai ya majike wengi huku wengine wakizuiwa. Ningu bwawani huhitaji kuchomwa sindano ya homoni, kisha mayai na manii hukamuliwa kwa mkono, kwa hiyo uamuzi wa nani azae na nani uko kwako. Usichanganye manii ya madume wote katika bakuli moja, kwa sababu manii yenye nguvu zaidi yatarutubisha mayai mengi na mengine yatapotea bure. Gawa mayai ya kila jike katika mafungu, kila fungu lipate dume wake, na wakati wa kuchagua wazazi wa kizazi kijacho chukua idadi sawa kutoka kila familia. Kusawazisha familia kunaweza kukaribia kuongeza idadi tendaji maradufu bila kukamata samaki hata mmoja zaidi.

Mwanajenetiki_Jinja:
Naunga mkono yote yaliyosemwa hapo juu, na naongeza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: samaki huzoea maisha ya kufugwa kwa njia ya urithi. Bwawani hakuna mkondo mkali wala ndege mvuvi, na chakula huja kwa saa. Wanaonawiri katika hali hiyo ndio watakaokuwa wazazi, hata kama mtoni wangekufa siku ya kwanza. Katika Hood River, jimboni Oregon, Marekani, watafiti walifuatilia trauti wanaohamia baharini kwa kupima ukoo wao kwa DNA, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba uwezo wa kuzaa mtoni ulipungua kwa karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Hawa hawakuwa samaki wa vizazi vingi vya kufugwa. Kizazi kimoja au viwili vilitosha.

Sasa nijibu swali lako la mwisho, kuhusu madhara kwa samaki wa mtoni. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mto una idadi tendaji ya 500, nawe unaachia vifaranga kutoka idadi tendaji ya 15, wakafikia nusu ya wazazi wa kizazi kinachofuata. Idadi tendaji ya kundi zima itashuka hadi kama 58. Nyavu zitajaa, wavuvi watashangilia, huku urithi wa mto umefinywa karibu mara tisa. Wanajenetiki Nils Ryman na Linda Laikre walieleza hatari hii mwaka 1991, nami nasikitika kwamba bado tunasherehekea sherehe za kumwaga vifaranga kwa kuhesabu ndoo.

Sisemi msizalishe. Katika ziwa Redfish, jimboni Idaho, samoni wa sokai, samaki wanaorudi kutoka baharini kutaga, walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba mwaka 1992 alirudi dume mmoja peke yake. Kati ya 1991 na 1998 walirudi kutoka baharini samaki 16 tu, wote wakaingizwa katika mpango wa uzalishaji, na kwa kupanga kila ndoa kwa kumbukumbu za ukoo sehemu kubwa ya utofauti wa jeni ilihifadhiwa. Bila mpango ule wangekwisha.

Busia_Mtoni:
Mimi natoka upande wa Sio, na naomba msichukue samaki wetu kwa haraka. Ningu hupanda mto kutaga, na mito hii miwili iko pande tofauti za ziwa. Ikiwa kila kundi limezoea mafuriko ya mto wake, kuchanganya kunaweza kuvunja mpangilio uliojengwa kwa vizazi vingi, na hakuna njia ya kuutenganisha tena. Ngege wa asili wametufundisha hili: sato, perege mwingine aliyeletwa kutoka kwingine, alizaana nao, na leo kuna maji ambamo huwezi kusema kwa macho ni nani wa asili na nani chotara. Kateni kipande kidogo cha pezi kwa kila samaki, mkihifadhi katika spiriti, kisha mkipeleke kwa watafiti wa samaki Jinja kabla ya kufikiria kuchanganya.

Mwalo_Kasensero:
Nimeelewa, na nawashukuru sana. Basi madume tutawapataje, na vifaranga wakae bwawani kwa muda gani?

Nalongo_wa_Vifaranga:
Msiwakusanye wote msimu mmoja. Madume wapya wachache kutoka Kagera yenyewe kila mafuriko, kwa misimu kadhaa na kwa kibali cha idara ya uvuvi Entebbe, watawafikisha mbali kuliko kundi moja lililofungiwa. Wazazi wawe wa mtoni kila mara inapowezekana, si watoto wa bwawa, na vifaranga waachiwe wakiwa wadogo, mara wanapoweza kujilisha. Wengi watakufa, lakini ni afadhali mto uwachuje kuliko bwawa. Na kabla ya kifaranga wa kwanza kuachiwa, kubalianeni na wenzenu kuhusu nyavu za mlangoni mwa mto wakati wa mafuriko, kwa sababu jike atakayekamatwa hapo anabeba urithi ambao hakuna kituo kinachoweza kuutengeneza upya.