Wakuu, nilimfunika mwalimu wangu kwa mwavuli tukiwa angani. Nirudi au niishie hapa?

Mpemba_wa_Tampa

Habari za Jumapili wakuu. Mimi mzaliwa wa Wete, huu mwaka wa saba niko Florida, kazi yangu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Nina jambo linanikosesha usingizi wa mchana, ambao ndio usingizi wangu pekee. Naomba ushauri, na kwanza naomba tusichekane.

Naruka miavuli. Naruka mwenyewe, nina leseni B na miruko 117. Ile 110 ya mwanzo ilikuwa ya kawaida: unaanguka dakika nzima au pungufu, unafungua, unatua, unakunja, unarudi foleni. Mwezi wa nne nikajisogeza kwa kikundi cha watu wazima wanaoitwa kruu. Hawa kuanguka hawana habari nako. Wanatoka mlangoni, wanahesabu mpaka tatu, wanafungua huko huko juu, halafu wanafuatana miavuli ikiwa wazi mpaka aliye juu anatia miguu yake kwenye kamba za mwavuli wa aliye chini. Mnakuwa mmepandana kama ghorofa, mwavuli juu ya mwavuli, na mnasafiri hivyo. Kwenye ukuta wa banda letu kuna picha ya Lake Wales, Novemba 2007, watu 100 wameungana kwa umbo la almasi. Niliikodolea macho mwaka mzima kabla sijathubutu kuwauliza.

Mwalimu wangu ni mama wa miaka 61, tumwite Bibi. Magoti na vifundo vyake vina makovu ya kamba, na maneno yake ni ya kuhesabu. Miruko minne nilikuwa nikinyoosha mwendo tu, yeye ndiye anakuja. Wa tano nikamwendea mimi, nikafika. Wa sita nikafika tena, safi. Wa saba ndio huu.

Nilikuwa nyuma yake, nimechelewa na nimezama chini mno. Nikavuta breki nyingi, zile kamba mbili za mkononi, ili ninyanyuke kumfikia. Nikanyanyuka, nikapita kiasi, mwavuli wangu ukawa usawa wa kifua chake badala ya miguu. Hapo nikafanya ujinga: nikaachia breki zote kwa mkupuo. Wakuu, mwavuli ulioachiwa breki ghafla haumsubiri mtu. Uliruka mbele, selo ya katikati, yaani kile chumba cha hewa cha kitambaa, ikampiga tumboni, pande mbili zikamzunguka. Bibi akapotea. Nikawa naning'inia chini ya kifurushi cha nguo chenye mtu ndani, na juu yake mwavuli wake ukiendelea kuruka kama hakuna kilichotokea.

Sauti ikatoka ndani ya kitambaa, pole pole kama mtu anayeuliza chumvi mezani:

"Tuko futi ngapi?"

Yeye saa yake ya kimo haioni, uso umefunikwa. Nikamwambia 4,800.

"Muda tunao. Usiguse kitu." Nikaona kitambaa kinapapatika, mkono mmoja ukatoka. "Sasa?" 4,300. "Nimezipata kamba zako, hazijanishika shingo. Haya, ondoka."

Nikavuta kishikio cha kulia kinachoachia mwavuli mkuu, nikaanguka nikawa mbali naye, nikavuta cha kushoto kinachofungua akiba, yaani mwavuli wa pili. Ule mkanda unaofungua akiba wenyewe tulikuwa tumeuchomoa tangu chini, maana kwenye kruu unataka kwanza utengane na mwenzako ndipo akiba ifunguke. Nikatua kwenye shamba la michungwa. Bibi alitua uwanjani, mwavuli wangu kaukumbatia kwapani kama nguo alizoanua mvua ikija.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Hakuna aliyenigombeza. Watu saba waliacha kuruka kwao, wakaingia kwenye michungwa kwa saa mbili kunitafutia mfuko wa akiba yangu. Waliupata. Mimi nikasema asanteni, nikaingia kwenye gari, na sijarudi. Leo wiki ya tano. Wananiandikia, sijibu. Kufa sikuogopi kiasi hicho. Naona aibu, na naogopa safari nyingine sauti ile isitoke.

Nirudi, au nikubali kwamba kila mtu na kipaji chake? Natanguliza shukrani.

Karanga_Pembeni

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa hapa pembeni.

Mtoto wa Kinondoni

Mkuu umetoka Pemba kote huko, ukavuka bahari, ukapata makaratasi, halafu unapanda ndege nzima ili utoke kabla haijatua? Rudi kazini ulee wazee. Tena inaonekana wazee wanakulea wewe.

Swali la kweli lakini: hii ndiyo ile ya Diani ya kufungwa mgongoni kwa mzungu?

Mpemba_wa_Tampa

Hapana, ile ya kufungwa na mwalimu unakuwa mzigo tu. Hii kila mtu na wake.

MkunjaMiavuli_DXB

Nimesoma mara mbili. Mimi wa Likoni, miaka sita niko Dubai, mkate wangu ni kukunja miavuli ya watu, na nimekunja ya kruu ya kutosha kuwajua. Nikuambie kitu kama fundi, sio kama rafiki.

Umeshajitambua kosa, na umelitaja kwa usahihi kuliko wengi. Ila umelitaja nusu. Breki kuachia ghafla ni mwisho wa kosa. Mwanzo wake ni pale ulipoona umechelewa ukataka kufidia kila kitu kwa mkupuo mmoja, mwendo na kimo pamoja. Miavuli yenu ni aina moja na mzigo mmoja, sivyo? Watu wa kruu hawapandi na chochote walichonacho, wanachagua saizi kwa uzito ili wote washuke sawasawa. Kwa hiyo yeye hakukimbii. Ukikaa nyuma yake umetulia, mtabaki hivyo mpaka kesho. Kimo kwanza. Simama nyuma kidogo, chini kidogo, ukingo wa mbele wa mwavuli wako ukiwa usawa wa viatu vyake, hesabu mbili ukiwa umesimama kweli. Ndipo unaachia breki vidole viwili, vidole viwili, kama mtu anayeleta mtumbwi kwenye ngazi ya gati. Gati halikufuati wala halikukimbii. Ukiona umekuja juu au kwa kasi, geukia pembeni upite, uanze upya. Kupita si aibu. Huko wanaruka siku nzima wanapitana.

Sasa maswali. Ulikuwa na mwavuli gani? Kamba nene au zile nyembamba? Na kisu ulikuwa nacho?

Mpemba_wa_Tampa

Lightning 160, yaani futi za mraba 160, wa kuazima kwao. Mimi na vifaa vyote ni kilo 94. Kamba nene. Kisu kimoja, kifuani.

MkunjaMiavuli_DXB

Kilo 94 ni kama paundi 207, gawanya kwa 160 unapata karibu paundi 1.3 kwa kila futi ya mraba ya kitambaa. Basi hao watu wanajua wanachofanya, wamekupimia kama fundi cherehani. Na kamba nene ndizo zilizomwacha Bibi na shingo yake. Zile nyembamba za kisasa ni nzuri kwa mbio, lakini mguuni zinakata kama wembe.

Kisu kimoja kidogo. Beba viwili, kimoja kila mkono uweze kukifikia, kwa sababu mkono mmoja unaweza kuwa ndio uliofungwa.

Na mwongozo wa chama cha warukaji cha Marekani unataka uwe unaweza kutua mara kwa mara ndani ya mita 5 ya shabaha, na msishikane chini ya futi 2,500. Nyinyi mlikuwa 4,800. Kwa hesabu hiyo hamkuvunja kitu, mlipata ajali ya darasani.

Sajini Mstaafu

Vijana salamu. Niliruka jeshini miaka ya themanini, miavuli ya duara, mizigo mguuni, usiku. Sisi kugusana ilikuwa dhambi. Mwavuli ulio chini unamnyima upepo aliye juu, wake unalegea, anakuja kukalia kitambaa cha mwenzake. Tulifundishwa: ukijikuta umesimama juu ya mwavuli wa mtu, kimbia, toka ukingoni, usishangae. Nilikimbia mara moja. Nilipiga hatua nne kwenye nguo ya mtu ambaye mpaka leo tunapeana mbuzi kila Idi.

Huyo hakuwahi kuniuliza kwa nini nilimkanyaga. Aliniuliza, "mbona viatu vizito hivyo?"

Mwanangu, huyo mama alipokuuliza futi ngapi, alikuwa anakutumia macho yako. Hakukuona mwanafunzi aliyekosea, aliona ndio saa yake ya kimo. Ukampa namba sahihi mara mbili. Hapo kazi uliifanya. Kukimbia baada ya kutua ndiko sikukuelewa.

Mpemba_wa_Tampa

Shikamoo mzee. Hilo la macho sikulifikiria.

Mama Nasra

Mimi sijui kuruka hata kamba. Ila nimefanya kazi wodini miaka ishirini na mbili, najua aibu ya aliyemkosea mtu akasamehewa kabla hajaomba radhi. Inawasha kuliko kugombezwa. Mtu akigombezwa analipa deni papo hapo. Wewe umebaki nalo mkononi, hujui umpe nani.

Uliwaambia asante. Samahani je? Kuna mtu ulimwambia samahani? Maana nimesoma uzi wote sijaiona.

Mpemba_wa_Tampa

Sijasema, dada. Niliona wamelichukulia dogo, nikahisi nikilitaja nitalikuza.

Mama Nasra

Lilikuwa kubwa. Wao wanalijua ukubwa wake kuliko wewe, ndiyo maana walinyamaza. Mpigie.

MkunjaMiavuli_DXB

Dada kasema. Na mimi naongeza la kifundi: aliyeikunja akiba yako umempa chupa yake? Ni mila ya warukaji kote nilikowakuta. Akiba ikikushusha salama, aliyeikunja anapewa chupa. Wiki tano hujaonekana, na fundi wa watu hajapata chake. Hilo kwetu ni kosa kubwa kuliko kumfunika mwalimu.

Mpemba_wa_Tampa

Pombe mimi siigusi wala siibebi. Nilimwambia hivyo mwanzoni kabisa, akacheka, akasema yeye anakula chochote kilichokaangwa.

MkunjaMiavuli_DXB

Sasa tatizo liko wapi? Kaanga.

Mtoto wa Kinondoni

Kumbe dawa ya mtu kuanguka kutoka angani ni sambusa. Haya, nimekaa.

Ila bado nina swali, na siulizi kwa kejeli. Utamu wake ni nini? Kwenye kuanguka angalau kuna kasi.

Mpemba_wa_Tampa

Kwenye kuanguka hamsikilizani, upepo unapiga kelele mnaonyeshana ishara tu. Chini ya mwavuli mnaongea. Ule mruko wa sita, Bibi aliponishika, nilisikia kwanza viatu vyake vikisugua kamba zangu juu kichwani, halafu akawa anateremka kwenye kamba, mkono chini ya mkono, mpaka akaja kutia nyayo zake kwenye mikanda ya mabega yangu. Miavuli miwili imebanana juu, sisi tumebanana chini. Mwendo ukabadilika, ukawa mzito na laini, kama jahazi lililojaa. Akaniuliza kama nimekula. Tuko futi elfu sita, mama wa watu kanikanyaga mabega, ananiuliza kama nimekula.

Nikamwambia sijala. Akasema ndiyo maana unavuta kushoto.

Karanga_Pembeni

Mkuu nenda. Mimi mwenyewe nataka kwenda.

Sajini Mstaafu

Na fundi mkumbuke.

Mpemba_wa_Tampa

Wakuu, mrejesho. Nimemaliza zamu saa moja asubuhi, nikakaa kwenye gari, nikaandika. Niliandika refu nikafuta, nikaandika samahani kwa kukufunika na samahani kwa kupotea. Amejibu kabla sijawasha injini.

Anasema samahani ya kwanza hana kazi nayo, aliiona usoni mwangu kule kwenye michungwa. Ya pili ameipokea. Mwavuli wao ameukagua kamba kwa kamba, mzima, mshono mmoja tu umerudiwa. Jumamosi upepo mdogo asubuhi. Visu nije na viwili, (mkuu wa DXB, amelisema hilo bila kuulizwa). Halafu akamalizia hivi: mruko wa kwanza mimi nitakaa juu, yeye atakuja chini yangu, na safari hii mimi ndiye wa kumshika. Hajawahi kuniachia kushika.

Mke wangu ameshaloweka dengu.

MkunjaMiavuli_DXB

Kama ni wewe wa kushika, kamba zitapita kwenye vifundo vyako. Soksi ndefu, mkuu. Nene. Usije ukavaa zile za kazini.