Y yangu J2, mitokondria L3: nishike ipi?

Mkonde_Asilia
Asalaam aleikum. Mie mtu wa Konde, Pemba. Mwanangu anayesoma Uingereza kaniletea kipimo cha vinasaba, nikatema mate kwenye kichupa akaondoka nacho. Majibu yamekuja: kromosomu Y (vinasaba vya upande wa baba) kundi la J2, mitokondria (vinasaba vya upande wa mama) kundi la L3, la Kiafrika. Kaka yangu kaona hilo J2, basi, kawatangazia watu barazani kuwa sasa imethibitika, sisi ni Washirazi wa Shiraz, mji wa Uajemi (Iran). Ile L3 hakuiuliza hata kidogo. Imeniuma, maana ndiyo ya mama yetu, Mungu amrehemu. Kipi hasa kinasema kweli?

Mwalimu_Chake
Waalaikum salaam. Vyote vinasema kweli, ila kila kimoja kinamsemea mtu mmoja. Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Mitokondria mama huwapa watoto wote, lakini mabinti tu ndio huiendeleza. Rudi nyuma vizazi vitano una wazee 32: Y inamtaja mmoja, mitokondria mmoja, 30 waliobaki kimya. Hao watafute kwenye zile jozi 22 za kromosomu, zinazochanganywa kila kizazi. Huko ndiko unakopata mgao wa asili zako zote, japo mzee wa mbali sana anaweza asiache hata kipande.

Na J2 ipo Iran, Uturuki, India, hadi Italia. Mji haitaji.

Binti_Mkoani
Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya pwani, Manda, Mtwapa na Kilwa zikiwamo. Manda na Mtwapa, Y nyingi zilikuwa za Asia, mitokondria karibu zote za Afrika. Kwa kuziweka pamoja ndipo ikajulikana kuwa wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa hapa, tangu mnamo mwaka 1000. Wangepima Y peke yake wangesema alivyosema kaka yako. Na watoto wale walikua wakisema lugha ya mama zao.

Kaka, bibi yako mzaa baba hayumo katika vyote viwili. Una shangazi? Mitokondria yake ndiyo ya bibi huyo.

Mkonde_Asilia
Ninaye, Micheweni, mdogo wake baba, tumbo moja. Ijumaa baada ya sala namwendea, na mwanangu nshamwambia alete kichupa kingine.